Mito ya Jiwe: Kosa Langu katika Kutafsiri Neno Moja

Wiki iliyopita kijana mmoja anayeanza kazi ya tafsiri hapa Nairobi aliniandikia akitaka nimpe, kwa neno moja tu, Kiswahili cha "turquoise", neno la Kiingereza linalotaja jiwe la thamani na pia rangi ya jiwe hilo. Nakiri kwamba nilicheka, ingawa hakikuwa kicheko cha furaha, kwa maana neno hilo lilikuwa limekwisha kunipokonya nusu ya malipo yangu pamoja na mteja niliyemhudumia kwa miaka sita.

Mteja huyo huuza vito na mapambo ya nyumbani, naye alinikabidhi katalogi ya kurasa arubaini iliyoandikwa kwa Kiingereza. Katika shule ya msingi tulikuwa na mwenzetu aliyeitwa Feruzi, na mwalimu alitueleza kwamba jina lake ni la jiwe hilohilo la thamani. Kwa hiyo nilipolikuta "turquoise" katika katalogi nilijiona bingwa. Niliiamuru kompyuta ibadilishe kila "turquoise" kuwa "jiwe la feruzi", nikaituma kazi usiku wa manane, nikalala usingizi wa mtu aliyeshinda.

Asubuhi ya pili yake mteja alinipigia simu. "Dada," akaniuliza, "wewe umewahi kulalia mto wa jiwe?" Mtu pekee niliyemkumbuka ni Yakobo wa Biblia, ambaye hata yeye alifanya hivyo kwa kukosa jingine. Katalogi yangu ilikuwa na foronya za jiwe la feruzi, mapazia ya jiwe la feruzi, na picha ya ufuo wa Diani yenye maji ya jiwe la feruzi. Hayo yalichekesha. Ambalo halikuchekesha ni kwamba shanga za plastiki, zilizoitwa "turquoise" kwa ajili ya rangi tu, nazo zilikuwa zimegeuka vito, na nakala za kwanza zilikwisha kuchapwa kule River Road. Mnunuzi mmoja alikuwa ameuliza kwa nini jiwe la thamani linauzwa kwa bei ya peremende. Kulikuwa pia na haulaiti, jiwe jeupe lenye mishipa ya kijivu ambalo wafanyabiashara hulitia rangi lifanane na feruzi. Mimi nililiita "haulaiti ya jiwe la feruzi", yaani jiwe lililotengenezwa kwa jiwe jingine. Mahali pamoja tu kompyuta ilipatia kwa bahati: sanamu ndogo ya Hathori, mungu wa kike wa Misri ya kale, aliyeitwa Bibi wa Feruzi katika machimbo ya Serabit el-Khadim huko Sinai.

Malipo yalikatwa nusu. Bado naona kwamba adhabu ilizidi kosa, kwa sababu kurasa za dhahabu na fedha hazikuwa na dosari hata moja, na hakuna aliyezitaja.

Nilipotulia, nilirudi kulichunguza neno lenyewe, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kuigusa kazi. Kwa Kifaransa cha zamani lilimaanisha jiwe "la Kituruki", ilhali jiwe hilo lilichimbwa Uajemi, hasa Nishapur, na Uturuki ilikuwa njia yake tu ya kufikia masoko ya Ulaya. Ulaya ililipa jiwe jina la mchuuzi. Sisi tulipokea "feruzi" kutoka Kiajemi kupitia Kiarabu, jina lenye asili moja na neno la ushindi, na ninaona fahari kwamba letu liko karibu zaidi na mgodi. Waturuki wenyewe huliita jiwe hilo "firuze", na kwa rangi hutumia "turkuaz", neno walilolichukua kutoka Kifaransa. Hebu fikiria: wale ambao jiwe limepewa jina lao wana maneno mawili, moja la jiwe na moja la rangi, nami nilitaka kupita na moja.

Hapo ndipo penye shida yote. Kiingereza humruhusu mwandishi kuliweka neno hilo mbele ya nomino na kwenda zake, bila kuulizwa kama anasema jiwe, rangi au kitu kilichopakwa. Kiswahili hakina huruma hiyo. Utasema pete ya feruzi au pete ya rangi ya feruzi, na hayo maneno mawili ya katikati ndiyo yanayomtenganisha muuzaji mwaminifu na tapeli. Wala usikimbilie "samawati", kwani hiyo ni rangi ya mbingu, na feruzi haiko hivyo daima: shaba iliyomo hulifanya jiwe kuwa la buluu, na chuma kikiingia linaelekea kijani.

Kwa hiyo, ninyi mnaotaka kuishi kwa kalamu hii, ulizeni kitu kinachotajwa ni nini kabla ya kuuliza neno lake. Someni sentensi nzima, tazameni picha iliyo kando yake, mpigieni mteja simu hata kama mnaogopa kuonekana wajinga, kisha ulizeni tena kitu hicho ni nini. Vijana wengi siku hizi wanapenda kasi kuliko kazi, nami nasema hivyo nikijijumuisha, maana uvivu wangu ulikuwa na umri wa miaka ishirini katika taaluma hii. Msiiachie kompyuta maamuzi ya lugha ambayo mama zenu waliwanyonyesha nayo.

Yule kijana nilimjibu kwa maneno matatu: "Turquoise ya nini?" Hadi leo sijapata jibu lake.