Usianike pingili za mihogo kwenye bati

Msimu wa kwanza nilipolima mihogo kwa mbegu ya kupewa, nilifanya upuuzi ambao naona wenzangu wa huku Mtwara bado wanaurudia. Mihogo ya mwaka uliotangulia ilinitoa machozi: ukikata, ndani mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo, hata kwa makopa haifai. Nikasema huyu ni mdudu, na dawa ya mdudu ni jua. Pingili nikazipanga juu ya bati siku tatu nzima, jua la Novemba mnalijua.

Hazikuchipua hata nusu. Zilizochipua zikazaa mihogo yenye mabaka yaleyale.

Nilikuja kuelewa baadaye. Ugonjwa huo ni michirizi ya kahawia (batobato ni ugonjwa mwingine, msichanganye), unaletwa na kirusi, na kirusi hakili wala hakipumui. Hata kujizalisha hakiwezi mpaka kitumie vyombo vya mmea wenyewe.

Kati ya vyombo hivyo, ndani ya seli kuna kundi la protini zinazoitwa protini za mshtuko wa joto (kwa kifupi cha Kiingereza, HSP). Jina lina asili yake: mwaka 1962 Mwitaliano Ferruccio Ritossa alieleza jinsi seli za inzi wa matunda zikipata joto zinavyoamsha jeni ambazo kabla ya hapo zilikuwa kimya. Mimi naziita makungwi. Protini ikitoka tu kutengenezwa ni mwali, haijui kukaa wala kusimama. Kungwi anaishika, anaikunja mpaka ipate umbo lake, ndipo inaingia kazini. Seli ikipigwa na joto au ugonjwa, protini zinapinda, na makungwi wanaitwa kwa wingi.

Sasa kirusi nacho kina wali wake wa kufundwa, yaani protini zake, na kinawapeleka kwa makungwi walewale. Kwa kirusi kinachodumaza nyanya, kungwi aitwaye HSP70 ndiye anayesaidia kuunda mtambo wa kukinakili. Kuna kingine cha kabeji, cha ukoo mmoja na hiki chetu cha mihogo, nacho kimekutwa na HSP70 palepale kinaponakiliwa. Cha ugonjwa wa tristeza kwenye michungwa ndicho kiboko: kinatembea na jeni ya kungwi wake mwenyewe!

Usiseme basi makungwi ni wasaliti. Kungwi mwingine, HSP90, huzishika imara baadhi ya protini za ulinzi wa mmea. Bila huyo, mlinzi anaanguka. Joto nalo linakata pande mbili. Kuna tumbaku yenye jeni ya kuzuia kirusi cha batobato la tumbaku, lakini joto likipita nyuzi 28 hivi kinga ile inalegea. Maabara wanatumia joto kusafisha miche, lakini ni joto la kupimwa, nyuzi 35 hadi 38 hivi, wiki kadhaa, kisha wanakata kincha kidogo sana na kukikuza kwenye chupa. Bati langu lilikausha pingili tu.

Aliyenisaidia ni mjomba wangu wa Mahuta. Alinikuta nachagua mbegu, akacheka. "Mpwa, unautazama mhogo kofia. Inama."

Nikainama. Juu majani mazuri, kijani tupu. Chini, yale yaliyokomaa, umanjano ulikuwa unafuata vishipa vidogo kama chai iliyomwagikia kitambaa. Ndiyo dalili yenyewe, na kiangazi majani hayo hupukutika, kwa hiyo anayechagua mbegu Novemba anachagua gizani. Kagua Aprili au Mei, mashina safi uyafunge tambara. Wakati wa kukata pingili, chimbua mhogo mmoja wa shina hilo na uukate vipande vinne, vitano. Ncha moja inaweza kuwa nyeupe na nyingine imeoza.

Mbegu ya mhogo iitwayo Nachinyaya inakubalika kwetu kwa sababu inaweza kuonyesha dalili kwenye majani na mizizi ikabaki mizuri. Ila kumbuka kirusi kimo, na ukimgawia jirani pingili umemgawia nacho. Inzi weupe hawakibebi mbali. Kutoka Newala hadi Kilwa kinapakiwa kwenye pikipiki, kimefungwa kamba vizuri. Kama unaanza shamba jipya, ulizia mbegu safi kituo cha utafiti cha Naliendele kabla hujapokea mzigo wa mtu.

Mwaka huu nimefunga matambara mashina arobaini. Kwenye kuchimbua, sita nimeyafungua na kuyachoma moto. Mjomba anasema bado nina huruma.