Kiingereza chako hakitakubeba Ujerumani

Mdogo wangu, umeniuliza: "Dada, Kiingereza ninakijua vizuri, si Kijerumani cha mafunzo ya uuguzi kitakuwa rahisi?" Nakwambia ukweli. Maneno yaliyonitesa zaidi huku ni yale niliyodhani nayajua.

Mwaka wangu wa kwanza, kwenye nyumba ya wazee, bibi mmoja aliyepoteza kumbukumbu aliniuliza usiku, "Wo bin ich?" Lile wo nililichukua kama who ya Kiingereza, nikamtajia jina lake. Akauliza tena. Nikamtajia tena. Akaanza kutetemeka na kulia. Kumbe anauliza, "Niko wapi?" Mwenzangu wa zamu akaingia, akamshika mkono, akamwambia hiki ni chumba chako, na bibi akatulia. Usiku ule sikupata usingizi.

Wo ni wapi. Wer, linalosikika kama where, ni nani. Kiingereza kinakugeuzia maana ukiwa mbele ya mgonjwa. Kesho yake nilichukua daftari, nikakata tafsiri zote za Kiingereza, nikaweka Kiswahili. Wo na wapi yanaanza kwa herufi moja. Wie hutamkwa "vii", na maana yake ni vipi! Hayo hayajanitoka mpaka leo. Na Schule unalo tangu utotoni, maana shule tulilitoa kwao.

Bekommen ni kupata, wala si become ya Kiingereza, yaani kuwa. Gift ni sumu. Ich will ni "nataka". La kuchunga sana ni eventuell, yaani huenda: daktari akisema atakuja eventuell saa tisa, usimwahidi mgonjwa kwamba atakuja.

Kuna umfahren pia. Mkazo ukiwa mwanzoni, umemgonga mtu na gari; ukiwa kwenye fahr, umempita pembeni. Wenzangu waliotokea kwenye Kiingereza walilalamika sana, lakini sisi tuna barabara ya magari na barabara ya sawasawa, masikio yetu yameshazoea.

Namba nazo: 65 husomwa "tano na sitini". Ukitajiwa presha, subiri iishe yote ndipo uandike, kisha uirudie kwa sauti.

Kabla hujalipia kozi, anza daftari lako kwa Kiswahili. Ukurasa wa kwanza ukijaa, nipigie picha, nitakusahihishia.