Nani Anailipia Redio ya Umma? Majibu kwa Maswali Yenu

Maswali mengi tuliyopokea yanahusu fedha za serikali kwa vyombo vya habari, hasa tangu Marekani ilipozima mfuko uliokuwa ukizibeba redio na televisheni zake za umma. Tumejibu yale yanayowagusa wengi.

Bunge la Marekani lilifuta nini hasa?

Lilifuta dola bilioni 1.1 ambazo tayari zilikuwa zimeidhinishwa kwa miaka ya fedha 2026 na 2027. Seneti ilipitisha kwa kura 51 kwa 48, Baraza la Wawakilishi kwa 216 kwa 213, na Rais Trump akatia saini tarehe 24 Julai 2025. Fedha hizo zilikuwa zikipitia shirika la Corporation for Public Broadcasting, CPB, lililotokana na sheria ya 1967. CPB haikuwa na studio wala watangazaji. Ilipokea fungu kutoka bungeni na kuligawa, na zaidi ya asilimia 70 ilikwenda moja kwa moja kwa vituo vya mitaani na mikoani. Tarehe 1 Agosti ilitangaza kwamba inafunga shughuli, na Januari 2026 bodi yake ikapiga kura kuivunja.

Wengi hawajui kwamba tangu miaka ya 1970 fedha hizi zilikuwa zikiidhinishwa miaka miwili kabla ya kutumika. Lengo lilikuwa mwanasiasa aliyeudhiwa na taarifa ya jana asiweze kukata bajeti ya kesho. Utaratibu huo ulisaidia kwa miongo kadhaa, lakini haukuwa na mlinzi mwingine zaidi ya bunge lenyewe, na bunge lililoidhinisha mapema lina uwezo wa kufuta mapema.

Nimesoma kwamba NPR, mtandao wa redio za umma wa Marekani, ulipata asilimia 1 tu kutoka serikalini. Mbona hofu ni kubwa?

Hiyo asilimia 1 ni ile iliyoingia NPR moja kwa moja. Vituo wanachama huilipa NPR ada za vipindi, na ada hizo ni takriban asilimia 30 ya mapato yake. Kituo kikikosa ruzuku, huanza kwa kuchelewesha ada hizo, kisha hupunguza waandishi.

Wanaoumia kwanza ni wa pembezoni. Kituo cha Boston kina wasikilizaji wenye uwezo wa kuchangia kila mwezi. Sasa chukua KYUK, kituo cha mji wa Bethel, Alaska, kinachotangaza kwa Kiingereza na Kiyup'ik, lugha ya wenyeji wa huko. Takriban asilimia 70 ya mapato yake yalitoka CPB. Hakuna barabara inayotoka Bethel kwenda mikoa mingine, na wafanyabiashara wa kudhamini vipindi ni wachache. Oktoba 2025, mabaki ya kimbunga Halong yalipovipiga vijiji vya Kipnuk na Kwigillingok na kuwahamisha watu, redio ya aina hiyo ndiyo iliyokuwa ikihitajika. Soko peke yake halitakilipia kituo kama hicho, na hilo tunalisema bila kusitasita.

Kuna pia gharama zisizoonekana. CPB ilikuwa ikijadiliana haki za kupiga muziki kwa niaba ya vituo vyote kwa pamoja. Kituo kidogo kikiachwa kijadiliane peke yake, hakina nguvu ya kupunguziwa bei.

Je, VOA Kiswahili nayo ilikuwa chini ya mfuko huo?

Hapana. VOA iko chini ya USAGM, wakala mwingine wa serikali ya Marekani unaosimamia matangazo ya nje, na matangazo yake yalisimamishwa Machi 2025 kufuatia amri ya Rais ya tarehe 14 mwezi huo. Idhaa nyingine unazozisikiliza kila moja ina mkondo wake. BBC Swahili hutegemea ada ya leseni wanayolipa Waingereza pamoja na ruzuku ya Wizara ya Mambo ya Nje. DW hulipwa kwa kodi ya serikali ya shirikisho ya Ujerumani. RFI hupata sehemu ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya Ufaransa, tangu ada ya televisheni ilipofutwa 2022.

Gazeti letu dogo la Kenya huchapisha matangazo ya serikali. Malipo yanachelewa mno. Tufanyeje?

Hatari ya kwanza ni kodi. Tangazo la Sh500,000 lina VAT ya asilimia 16, yaani Sh80,000, na inadaiwa tangu mnapotoa ankara, si mnapolipwa. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, inaitaka kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama wizara haijatoa senti. Matangazo manne kama hayo kwa mwezi ni Sh320,000 mnazoikopesha serikali kutoka mfuko wenu, na mishahara bado.

Kwa hiyo msichapishe kwa simu au kwa ahadi. Pateni kwanza LPO, yaani hati rasmi ya kuagiza huduma, iliyosainiwa. Ambatisheni nakala ya ukurasa kwenye ankara, na kama ni redio, kumbukumbu yenye tarehe na saa ya kila tangazo. Hakikisheni ankara imegongwa muhuri wa kupokelewa, na tumeni taarifa ya deni kila mwezi. Msisubiri Juni iishe, maana mwaka wa fedha ukifungwa tarehe 30, ankara yenu huingia kwenye malimbikizo na kuanza kuhakikiwa upya.

Tatizo kubwa zaidi ni la uhariri. Matangazo yakigawiwa na ofisi moja bila kanuni iliyo wazi, mhariri asiyelipwa hawezi kujua kama ni urasimu au ni adhabu ya habari aliyoitoa. Ataanza kujizuia bila kuambiwa na mtu. Tanzania ilipunguza hatari hiyo 2023, ilipoifanyia marekebisho Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kuondoa kifungu kilichompa Mkurugenzi wa Idara ya Habari jukumu la kuratibu matangazo yote ya serikali.

Ada ya televisheni ingefaa kwetu?

Kwa sasa, hapana. Afrika Kusini hutoza randi 265 kwa mwaka, na zaidi ya asilimia 80 ya wanaodaiwa hawalipi.

Kuna nchi ambayo serikali hulipa bila kushika kalamu?

Uingereza ina mpango mmoja mzuri kwa habari za mitaa. BBC hutoa takriban pauni milioni 8 kwa mwaka kulipia waandishi 165, lakini waajiri wao ni magazeti ya maeneo husika. Kazi yao imefungwa kwenye mkataba: vikao na maamuzi ya halmashauri. Mhariri hawezi kuwahamishia kwenye habari za mpira, na habari zao hutumiwa na vyombo vyote vilivyo kwenye mpango.

Ujerumani imekwenda mbali zaidi. Kila kaya hulipa yuro 18.36 kwa mwezi, na kiwango hupendekezwa na tume huru ya wataalamu 16. Jimbo la Sachsen-Anhalt lilipokwamisha nyongeza ya senti 86, vituo vilikwenda Mahakama ya Katiba, na Agosti 2021 mahakama ikaamuru nyongeza hiyo ilipwe.