Kona ya Mchezaji: Nje ni kazi, na kazi ina karatasi

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja, kwenda kucheza nje. Nimechagua nne. Kwa msomaji mpya: nilikuwa beki wa kushoto, nimecheza Ligi Kuu misimu sita, nimecheza Muscat, Oman, msimu mmoja ambao haukutimia, na sasa nafundisha vijana Temeke kila jioni. Ninayoyajua nimeyapata humo.

Kaka, mwanangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, anacheza winga. Amekuja mtu anasema ni wakala, atampeleka Ureno kwenye majaribio. Anataka milioni nne na nusu za tiketi, viza na "kumtengenezea jina". Baba yake anasema tuuze kiwanja chetu cha Chamazi. Mtoto mwenyewe halali kwa furaha. Nifanyeje?
*Mama, Mbagala Rangi Tatu*

Mama, kiwanja kisiuzwe. Nimeanza na hilo kwa sababu huenda wakati unasoma hapa dalali ameshaitwa.

Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Yapo machache yanayoruhusiwa, kwa mfano wazazi wakihamia nchi hiyo kwa sababu zao zisizohusu mpira, au vijana wanaohama ndani ya Umoja wa Ulaya wakiwa wametimiza 16. Mwanao hayumo. Kwa hiyo hata akifika Ureno, akawapita mabeki wote na kocha akampenda, klabu haiwezi kumsajili. Atakaa huko miaka miwili akila kwa nani, na kwa viza ya aina gani? Wapo vijana waliotelekezwa Ulaya kwa mtindo huu huu, na kanuni ile iliwekwa kwa ajili yao.

Halafu hizo milioni nne na nusu. Wakala wa kweli hulipwa asilimia kutoka kwenye mkataba aliouleta. Siku hizi haruhusiwi kufanya kazi hiyo bila leseni ya FIFA, ambayo hupatikana kwa mtihani, na majina ya wenye leseni yako wazi kwenye tovuti ya FIFA. Mwambie akupe jina lake kama lilivyo kwenye leseni, mtafute mwenyewe kwa simu ya mtoto. Mwambie pia akuletee barua ya mwaliko ya hiyo klabu ya Ureno. Ukishaipata usipige namba aliyokupa yeye; tafuta namba ya klabu kwenye tovuti yao, uwaulize wao. Kisha nenda Karume, Ilala, ofisi za TFF, shirikisho letu la mpira, na hizo karatasi mkononi. Nauli ya daladala kwenda na kurudi ni ndogo kuliko kiwanja. Na ujue kwamba kwa mtoto wa umri huo, wakala hawezi kumsainisha chochote bila idhini yako ya maandishi. Kalamu iko kwako.

Hilo la "kumtengenezea jina" limenikera. Mbagala yenu hiyo ndiyo iliyomlea Mbwana Samatta. Alianzia African Lyon, timu iliyotokana na Mbagala Market, akaenda Simba, na TP Mazembe ya Kongo walimwona Simba ilipokutana nao kwenye mashindano ya Afrika mwaka 2011. Akakaa Lubumbashi karibu miaka mitano. Akatwaa ubingwa wa Afrika 2015, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Ndipo Genk ya Ubelgiji ikamchukua, ana miaka 23. Goli alilofunga Wembley akiwa na Aston Villa, kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City mwaka 2020, lina miaka kumi ya mechi nyuma yake. Jina lake lilitengenezwa na mechi hizo.

Hata Kelvin John, aliyetangulia Uingereza akiwa mdogo, alikwenda shule kwanza, na Genk ilimsajili 2021 alipotimiza 18. Shule, mama. Mwanao amalize kidato cha nne. Katika miaka hii miwili mtafutie timu ya vijana ya klabu yenye usajili, hata hapo Chamazi kwa Azam huwa wanatafuta vijana. Akifika 18 ana cheti, ana rekodi ya usajili na ana kiwanja cha baba yake, hapo tuzungumze habari za Ureno.

Mpe simu asome na hapa. Mwanangu, najua unachosikia kifuani. Nilikuwa na umri wako, nikilala na viatu kitandani. Mama yako hajakuzuia.

Kocha, shikamoo. Nina miaka 21, kiungo mshambuliaji, nacheza timu ya mkoani lakini kwetu ni Ubungo. Mkataba unaisha Juni. Timu moja kubwa ya hapa Dar inanitaka. Wakati huo huo kuna klabu ya daraja la tatu Ulaya wanasema watanipa chumba, chakula na posho. Marafiki wote wanasema niende Ulaya, nisirudi nyuma. Wewe ungefanya nini?
*Namba Kumi, Ubungo*

Marahaba, mwanangu. Kwanza jua nguvu uliyonayo. Mkataba ukibakiza miezi sita au chini ya hapo, kanuni zinakuruhusu kuzungumza na hata kusaini na klabu nyingine kwa ajili ya msimu unaofuata. Huna sababu ya kujificha wala kumnyenyekea mtu. Usisaini kwa hofu.

Mimi ningebaki Dar, kwa sharti moja nitakalolisema mbele.

Daraja la tatu la nchi usiyoijua, kwa posho, ni mahali ambapo hakuna anayekuja kukuangalia. Ukiumia goti huko huna hata wa kukuchemshia maji. Ligi yetu ya sasa inatazamwa. Luis Miquissone aliondoka Simba mwaka 2021 kwenda Al Ahly, na mwaka huo huo Clatous Chama alikwenda Berkane ya Morocco. Fiston Mayele alifunga magoli ya kuipeleka Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, akanunuliwa na Pyramids ya Misri, na 2025 akawa bingwa wa Afrika nao. Hao walikuwa wageni waliokuja Dar kama ngazi, wakapanda. Himid Mao wetu alitoka Azam kwenda Misri mwaka 2018. Ngazi hiyo iko hatua chache kutoka kwenu Ubungo, na marafiki zako wanakwambia uiruke.

Sharti lenyewe ni namba, yaani nafasi ya kucheza uwanjani. Kama timu hiyo kubwa ina viungo wanne mbele yako, na wewe wanakutaka ili wapinzani wao wasikupate, utakaa jukwaani misimu miwili umevaa tisheti nzuri. Muulize kocha, siyo kiongozi, atakutumia wapi. Uso wa kocha akijibu swali hilo unasema mengi. Kama jibu halieleweki, baki timu ya kati utakayoanza nayo kila wiki. Usisaini zaidi ya miaka miwili, na kiandikwe kipengele cha dau: klabu ya nje ikileta kiasi fulani, wanakuachia. Kisichoandikwa hakipo, hata kama umeahidiwa na mwenyekiti mbele ya baba yako.

Hapa nitakusimulia langu. Mwaka 1999 nilisaini Muscat karatasi mbili za Kiarabu nisizoweza kuzisoma. Aliyenipeleka alinisomea kwa mdomo: mwaka mmoja, nyumba bure, mshahara kila mwisho wa mwezi. Miezi mitatu nililipwa. Wa nne, kimya. Jirani na nyumba tuliyolala wachezaji watatu palikuwa na duka la mzee mmoja aliyezaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Nilizoea kwenda kununua mkate na kusikia lugha tu. Siku moja nikampelekea zile karatasi. Akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akazikunja taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, hizi umetia saini wewe mwenyewe?" Ilikuwa imeandikwa kwamba klabu inaweza kuuvunja mkataba siku yoyote bila kunilipa, na kwamba nyumba inakatwa kwenye mshahara wangu. Pasipoti yangu ilikuwa kwa yule aliyenipeleka. Ilichukua wiki sita kuipata.

Kwa hiyo siku ukiletewa mkataba wa nje, uwe umetafsiriwa na mtu uliyemchagua wewe. Uangalie mshahara baada ya kodi, nani analipia tiketi ya kurudi, na nani anakutibu ukivunjika. Wakikwambia saini kwanza, mkataba utaanza kufanya kazi ukifaulu vipimo vya afya, kataa. Kanuni za FIFA haziruhusu uhalali wa mkataba utegemee vipimo, wakupime kabla. Na pasipoti ikae mfukoni mwako. Nje ni kazi kama ya bandarini. Huwezi kuanza kazi ya bandarini hujui unalipwa nini.

Nina timu ya watoto Tandika, miaka 12 hadi 15, zaidi ya watoto arobaini. Nawanunulia mipira kwa pesa yangu ya bodaboda. Nimesikia mchezaji akiuzwa Ulaya na aliyemlea mtoto anapata. Ni kweli?
*Mwalimu wa mchangani*

Ni kweli, lakini hulipwa klabu iliyosajiliwa, na wewe kwa barua yako bado hujasajiliwa.

Mchezaji anapouzwa kimataifa kabla mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya dau hugawanywa kwa klabu zote zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi 23. Misimu minne ya kwanza, ile ya kwako, kila mmoja ni robo ya asilimia moja ya dau. Kuanzia miaka 16 ni nusu asilimia kwa kila msimu. Fanya hesabu: kijana akiuzwa dola milioni moja, na wewe ulikuwa naye misimu yote minne, ni dola 10,000. Hiyo ni mipira, jezi, na uwanja wenye nyavu kwa miaka mingi. Ipo pia fidia ya malezi, anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na anapohama nchi kabla ya kumaliza mwaka anaotimiza 23.

Sasa, fedha hizo zinafuata rekodi za usajili. Kama jina la mtoto halijawahi kuandikishwa kwenye timu yako kupitia chama cha mpira cha wilaya, kwa karatasi za FIFA ni kama alianza kucheza siku alipoingia klabu kubwa. Wewe hukuwepo. Inauma kuandika hivyo, kwa sababu najua nani aliyemfundisha kupiga krosi. Nenda chama cha mpira Temeke mwezi huu, andikisha timu, andikisha watoto kwa vyeti vya kuzaliwa vya kweli. Usipunguze umri wa hata mmoja. Umri wa kughushi ukigundulika humharibia mtoto njia yote. Kama fomu zinakusumbua niandikie, tutakwenda wote.

Kaka yangu, mume wangu amerudi Machi kutoka kucheza nchi moja ya Asia. Klabu inamdai... samahani, yeye anaidai klabu mishahara ya miezi mitano. Ana miaka 29. Tangu arudi hatoki ndani. Majirani wakiniuliza "anarudi lini?" sijui niseme nini. Hata mechi kwenye runinga hataki.
*Mke, Kigogo*

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara tatu.

Nianze na fedha kwa sababu zina muda. Madai ya mchezaji dhidi ya klabu ya nje hupelekwa FIFA ndani ya miaka miwili, na mchezaji halipii kufungua kesi. Klabu ikishadaiwa mishahara miwili, mchezaji huandika barua, huwapa siku 15, na wasipolipa ana haki ya kuvunja mkataba na bado akadai. Kama aliondoka bila kuandika chochote, asikate tamaa. Akusanye mkataba, taarifa za benki, ujumbe wote wa simu kati yake na viongozi, hata wa sauti. Asifute kitu. Waoneni SPUTANZA, chama cha wachezaji, na wakili anayejua kesi za michezo.

Kucheza tena pia inawezekana. Miaka 29 si mzee. Klabu ya hapa ikimtaka, TFF ndiyo huomba hati yake ya uhamisho kule alikotoka, kupitia mfumo wa kompyuta. Yeye hana haja ya kwenda kuwabembeleza waliomdhulumu.

Hilo la kutotoka ndani nalijua. Mimi nilitua usiku, nikamwomba dereva anishushe mbali na nyumbani ili watu wa barazani wasinione na begi moja. Wiki tatu nilikuwa natoka baada ya magharibi tu. Kila aliyesema "karibu nyumbani" nilisikia ananiambia umeshindwa. Na hakuna aliyekuwa na maana hiyo, dada yangu. Chama alirudi Simba Januari 2022, miezi michache tu baada ya kuondoka, na uwanja ukamshangilia. Samatta mwenyewe aliwahi kurudi Genk kwa mkopo. Wachezaji hurudi. Majirani wajibu hivi: "Amerudi nyumbani kwake." Inatosha.

Usimlazimishe kuangalia mpira. Aliyenitoa mimi alikuwa mtoto wa jirani, aligonga mlango akaniomba nimjazie upepo mpira wake. Nikaujaza, nikatoka nje kuona kama unadunda vizuri.

Nina vijana 26 na beki wa kushoto hakuna anayejua kumfundisha ila mimi, na goti langu halikimbii tena. Gazeti lina namba yangu, waombe, nimewaambia wakupe. Mwambie mumeo aje Jumamosi saa kumi jioni, avae raba. Sitamuuliza habari za huko.