Lori likigoma kuwaka, pima kabla hujafungua stata

Stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake, nyingi ninazoletewa hapa Mbeya zikiwa kwenye kiroba huwa nzima. Naziunganisha na betri zangu za majaribio, zinazunguka bila shida. Wakati huo dereva ameshamlipa mtu wa kuifungua, ameshapoteza siku, na tajiri anapiga simu kila saa kuulizia mzigo. Ugonjwa ulikuwa kwenye njia ya umeme, kati ya betri na stata, na mita ya kupimia volti ya bei ndogo ingeuonyesha kabla hata spana haijatolewa kwenye boksi.

Kazi yangu ni umeme wa malori, na wateja wangu wengi ni madereva wa barabara ya Tunduma. Naandika haya kwa ajili yenu na matingo wenu, kwa sababu mengi mnaweza kuyapima wenyewe mkiwa porini.

Anza na betri. Malori haya makubwa yanatumia volti 24 kutoka kwenye betri mbili za volti 12, chanya ya moja ikiwa imefungwa kwenye hasi ya nyingine. Mtu akiweka mita kwenye ncha mbili za mwisho akaona 24.3, anasema betri ziko poa. Haziko poa mpaka uzipime moja moja, lori likiwa limezimwa kwa saa kadhaa. Betri iliyojaa husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Chini ya 12.0 iko hoi. Sasa piga hesabu: moja ikiwa na 12.7 na mwenzake 11.6, jumla ni hiyohiyo 24.3 iliyokufurahisha, na asubuhi ya baridi pale Makambako hilo lori haliwaki.

Kwa nini moja ichoke peke yake? Mara nyingi ninachokikuta ni redio. Redio, chaja ya simu au kifeni cha volti 12 kimechukuliwa umeme kwenye betri moja tu, kwa sababu ni rahisi kufunga na kinafanya kazi siku hiyohiyo. Betri hiyo inanyonywa usiku kucha foleni ya mpakani ikiwa ndefu. Lori likiwaka, oltaneta, jenereta inayozungushwa na injini, inazichaji zote mbili kwa pamoja: iliyojaa inazidishiwa mpaka maji yake yanachemka na kukauka, iliyonyonywa haijai kamwe. Miezi michache mbele zote mbili zimekwisha. Funga konvata ya kushusha volti 24 kuwa 12, na waya zake zichukue kwenye zile ncha mbili za mwisho, ili betri zote mbili zitumike sawa. Hili nalisema kwa kila dereva anayeingia hapa na sitachoka kulisema. Na ukinunua betri, nunua mbili za ukubwa mmoja kwa wakati mmoja, maana mpya ikifungwa na mzee itaburuzwa chini naye.

Betri zikiwa nzuri, sikiliza. Ukiwasha ufunguo usisikie chochote, umeme wa kuiamsha stata haufiki. Angalia swichi kuu ya betri, fyuzi, rilei ya stata (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme), na kwenye baadhi ya malori swichi inayozuia stata mpaka gia iwe huru. Mwambie utingo apige ufunguo, wewe weka mita kwenye waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi, ile silinda ndogo iliyopanda mgongoni mwa stata. Kwenye stata nyingi terminali yake imeandikwa 50. Volti 24 zikifika hapo na kimya kikaendelea, solenoidi ndiyo mgonjwa. Zisipofika, rudi nyuma kuelekea kwenye ufunguo.

Mlio mmoja mzito, "tak", kisha kimya, maana yake solenoidi imevuta lakini umeme mkubwa haupiti. Huenda kontakti zake za shaba zimeungua, kaboni za stata, zile zinazoingiza umeme kwenye mota, zimekwisha, au waya mnene una tatizo. Milio ya haraka, "tatatata", ni betri iliyochoka au terminali iliyolegea. Stata ikizunguka kwa sauti ya juu na injini isitikisike, gia yake ndogo haishiki flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Na injini ikizungushwa kwa kasi yake ya kawaida lakini lori haliwaki, achana na stata kabisa, katafute dizeli, hewa kwenye mfumo, au solenoidi ya kuzimia injini.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kupima wakati stata inavuta. Kwanza soma betri zenyewe huku mwenzako akipiga stata. Zikishuka sana, chini ya volti 19 kwa pamoja, betri ni dhaifu au stata inavuta kupita kiasi. Zisiposhuka sana na injini bado inazunguka kwa uvivu, umeme unapotea njiani. Weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye nati kubwa ya stata inayopokea waya mnene, stata ipigwe tena. Mita isome karibu na sifuri. Nusu volti naivumilia. Kisha rudia upande wa hasi: kichwa cha hasi cha betri na mwili wa stata.

Upande huo wa hasi ndio unaosahaulika. Semi moja lilikuja hapa baada ya kubadilishiwa betri na stata, bado linazungusha kwa kujivuta. Upande wa chanya ulipoteza kidogo mno. Upande wa hasi ulipoteza zaidi ya volti 4. Waya wa ethi, ule unaotoka betri kwenda kwenye chasisi, ulikuwa mzuri kwa macho, ganda jeusi halina hata mchubuko. Nilipouchana kwa kisu karibu na terminali, nyuzi za shaba zilikuwa za kijani, na nyingine zilimung'unyika vidoleni. Tulifunga waya mpya, tukapiga msasa chasisi mpaka chuma kikang'aa, na lori likawaka mara moja.

Usipokuwa na mita, piga stata kidogo kisha shika terminali moja moja kwa tahadhari. Inayochemka kuliko wenzake ndiyo mbovu. Unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji ya moto yenye magadi, kausha, kaza, paka grisi.

Kabla ya yote haya, weka gia huru, vuta hendibreki, zuia matairi kwa mawe. Kuunganisha stata kwa bisibisi huku lori likiwa kwenye gia kumewakanyaga watu. Ukifungua betri anza na hasi, ukirudisha imalizie. Usivute sigara hapo, gesi ya betri inalipuka. Lori la volti 24 libusti, yaani liazimie umeme, kwa lori lenzake la volti 24, waya wa mwisho wa hasi uushikize kwenye chuma cha injini mbali na betri. Na usishikilie ufunguo zaidi ya sekunde 10 hadi 15; pumzisha stata dakika moja au mbili, la sivyo utaiua kweli.

Likishawaka, usiondoke bado. Kanyaga mafuta kidogo, pima betri zote mbili kwa pamoja. Mita ikisoma kati ya 27.5 na 28.8, oltaneta inachaji. Ikibaki kwenye 25 hivi, kaza au badilisha mkanda na uangalie waya zake hapohapo kwenye mji wenye fundi, maana ukizima tena, hizo betri hazitakuwa na nguvu ya kuliwasha.