Jibu: Nafika kazini kichwa kimeshachoka

Salaam mkuu. Nimekuelewa hivi: unaingia ofisini saa mbili, lakini hadi saa nne bado unazungukazunguka, hujashika la maana, na moyo unakwenda mbio.

Kwanza angalia simu unaishika saa ngapi. Mimi natokea Kimara, nikidhani kinachonimaliza ni kubanana kwenye mabasi ya mwendokasi hapa Dar. Kumbe nilikuwa nasoma magrupu ya WhatsApp huku nimening'inia bomba. Nikishuka Kivukoni nimeshagombana na watu watatu kichwani. Siku hizi data naiwasha nikishamaliza kazi ya kwanza.

Hiyo kazi ya kwanza naiandika jioni ya jana yake, kwenye kikaratasi ninachobandika pembeni ya kioo cha kompyuta: "linganisha risiti za Jumanne". Siandiki "mahesabu". Ukiandika "mahesabu" tu, utaanza kwa kufungua barua pepe, nakuhakikishia. Chai na chapati za mama ntilie zinasubiri hadi saa tatu.

Kama bosi wako ndiye anayepiga kuanzia saa kumi na mbili, hapo sina dawa, wangu mstaarabu. Na moyo ukienda mbio hata Jumapili umelala, kapime presha, usitutegemee sisi wa humu.