Nangoja nijiamini ndipo nishike waya

Shikamoo Bi Somo. Mimi ni msichana wa miaka 22, ni mtu wa Pemba. Nasoma ufundi umeme katika chuo cha amali, mwaka wa pili. Darasani wanawake tuko watatu tu. Skuli sikufanya vizuri, kidato cha nne nilipata divisheni foo, na hesabu hata sisemi.

Mwezi uliopita mwalimu aliniita mbele nifunge taa ya ngazi, ile inayowashwa chini na kuzimwa juu. Nikafunga. Swichi ya chini ikiwa upande mmoja, ya juu inawasha na kuzima vizuri. Ukiigeuza ya chini, ya juu inakufa, uibonyeze utakavyo taa haiwaki. Kijana mmoja akasema, "Nenda kasuke ukili." Darasa zima likacheka, na mwalimu naye akacheka. Tokea siku hiyo nakaa nyuma. Tukipewa kazi ya kikundi wenzangu wanashika waya, mie naandika ripoti kwa sababu nina hati nzuri.

Mama anasema sisi kwetu vichwa vyetu vizito tokea kwa bibi, nisijisumbue, msimu wa karafuu huo unakuja, bora nirudi nikachume, pishi angalau unaiona kwa macho. Si kwamba sijifunzi kabisa, maana Kurani nilikhitimu nina miaka 12 na jioni nasomesha watoto chuoni. Lakini umeme umenishinda. Fildi inaanza baada ya miezi miwili. Nifanye nini nijiamini kwanza, ndipo nishike waya bila ya kutetemeka?

Kichwa Kizito, Pemba

Marahaba, mwanangu. Jina ulilojipa chini ya barua sitakuitia.

Nilipomaliza kukusoma nilimpigia simu fundi umeme anayetufanyia kazi mtaani kwetu, mtu wa makamo, mkali kidogo. Nikamsomea pale pa taa ya ngazi kama ulivyoandika. Hakuningoja nimalize. "Kakosea kome," akasema. Akanieleza kwamba swichi ya tuwei, hiyo ya taa ya ngazi, ina matundu matatu: moja ni la kome, yaani la pamoja, na mawili ni ya zile waya mbili zinazotoka swichi ya chini kwenda ya juu. Umeme unaingilia kome ya swichi moja, unatokea kome ya swichi ya pili, unakwenda kwenye taa. Waya wa kome ukiutia tundu la pembeni, na wa pembeni ukautia kwenye kome, unapata hayohayo uliyoyaeleza: swichi moja ikiwa upande huu mambo sawa, ukiigeuza mwenzake anakufa. Waya mbili zimebadilishana nafasi, basi. Akaongeza kwamba swichi hazifanani, kome ya hii iko hapa na ya nyengine iko pale, kwa hiyo mtu asifunge kwa mazoea, asome kilichoandikwa nyuma ya swichi.

Hebu tazama ulichokifanya. Umelieleza kosa kwa usahihi hata mtu aliye ng'ambo ya pili ya simu, asiyeuona ubao wala kukujua wewe ni nani, akalitambua papo hapo. Hukuandika "taa ilikataa". Umeandika ilikataa lini, swichi ipi ikiwa wapi. Kuangalia hivyo ni sehemu kubwa ya ufundi, na wapo wanaolipwa kwa kazi hiyo ambao hawawezi. Kijana aliyekutuma kwenye ukili, sijui kama angeliweza kulieleza kosa lake mwenyewe hivyo.

Sasa swali lako. Unataka ujiamini kwanza, kisha ndiyo ushike waya. Hapo umeanzia mwisho, na kwa mpango huo utangoja mpaka wenzako wapate vyeti.

Albert Bandura, mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Marekani, aliandika mwaka 1977 juu ya mahali mtu anapopata imani kwamba jambo fulani analiweza. Akataja njia nne. Iliyo na nguvu kuliko zote ni kuwa umelifanya jambo lenyewe kwa mikono yako na likafanyika. Inafuata kumwona mtu kama wewe akilifanya. Kisha kuambiwa na watu kwamba unaweza, na hii ni dhaifu, maneno ya mtu mmoja yanafutwa na kicheko cha mwengine. Ya mwisho ni namna unavyousoma mwili wako: mikono ikitetemeka unaweza kusema "naogopa, kwa hiyo siwezi", au ukasema mikono inatetemeka kwa sababu watu ishirini wananitazama, na ukaendelea kukaza skrubu. Kutetemeka hakukatazi skrubu kukazika.

Wewe tokea siku ile umejinyima ile ya kwanza kabisa. Unaandika ripoti. Hati yako nzuri, nimeiona, lakini imekuwa maficho. Kila kikundi kinapomaliza kazi wenzako wanaondoka na mikono iliyozoea zaidi, nawe unaondoka na karatasi safi na hofu ileile uliyokuja nayo. Ukiniuliza mimi, hiyo ripoti imekudhuru kuliko kicheko.

Nije kwa mama. Simlaumu, na nakuomba na wewe usimlaumu, kwani amerithi maneno hayo kama alivyorithi kanga za bibi yako. Ila maneno yana kazi yake. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa watoto wa darasa la tano. Waliwapa maswali mepesi, wakawasifu. Baadhi waliambiwa wamefanya vizuri kwa sababu wana akili, wengine kwa sababu wamejitahidi. Kisha wote wakapewa maswali magumu, wakakwama. Waliporudishiwa mepesi, wale waliosifiwa akili walifanya vibaya kuliko mwanzo, na wale waliosifiwa juhudi walifanya vizuri zaidi. Na wale wa akili, walipotakiwa kuwaandikia watoto wengine alama walizopata, ndio waliozidi kudanganya. Walikwishaaminishwa kwamba alama ndizo wao. Kwa hiyo "una akili" na "kichwa kizito" ni ndugu baba mmoja mama mmoja. Yote mawili yanakwambia ulichonacho umepewa siku ya kuzaliwa na hakizidi.

Wewe hayo huyaamini, mwanangu, hata kama unadhani unayaamini. Umeandika, tena kwa kupita tu, kama jambo dogo, kwamba jioni unasomesha watoto chuoni. Mtoto akichanganya sini na shini unamfanyaje? Unamwambia kwao vichwa vizito, akasuke ukili? Unamwonyesha zile nukta tatu, unamrudisha, kesho unamrudisha tena, na wiki ijayo anasoma hata hakumbuki kwamba aliwahi kuchanganya. Na wewe ulirudishwa hivyohivyo mpaka ukakhitimu. Kome na tundu la pembeni ni sini na shini. Rehema unayowapa watoto wa watu jioni, asubuhi darasani unajinyima mwenyewe.

Ila kuna uongo mmoja unaouzwa siku hizi, na sitaki ukuuzie mtu: kwamba mtu akiamini tu kuwa anaweza, basi ataweza. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofanywa Marekani, wanafunzi zaidi ya 12,000 wa sekondari, waliopewa somo la chini ya saa moja juu ya namna akili inavyokua kwa kutumiwa. Waliokuwa nyuma kimasomo walipanda alama, lakini walipanda kidogo. Na walipanda zaidi katika skuli ambazo wanafunzi wenyewe kwa wenyewe wana kawaida ya kukubali kazi ngumu. Yaani unaokaa nao wana sehemu yao. Dweck mwenyewe amewahi kulalamika kwamba watu wamelichukua jambo lake wakalifanya kusifia jitihada tu, hata pale jitihada haizai kitu. Ukiifunga taa ile mara hamsini na kome ipo pasipo pake, mara hamsini itakataa. Jitahidi, lakini ikikataa mara mbili badilisha njia au uliza.

Basi fanya hivi. Tafuta swichi mbili za tuwei, hata kuukuu, muulize fundi yeyote aliyebomoa nyumba. Zipigilie kwenye kipande cha ubao. Umeme wa nyumbani usiuguse. Tumia betri za tochi na glopu ya tochi, ukikosea haidhuru mtu. Funga, uone inawaka. Kisha ifungue yote, ukosee kwa makusudi kama ulivyokosea siku ile, uone inavyokufa, na uitafute kome kwa kufikiri. Ukishaweza kuikosesha kwa kutaka na kuitengeneza kwa kujua, hakuna wa kukutisha na taa ya ngazi. Fanya chumbani, hakuna anayekuona, mikono itetemeke itakavyo.

Wale wasichana wawili wengine darasani hukuniambia habari zao hata kidogo, na nimeshangaa. Nina hakika na wao wanaandika ripoti. Waite waje kwenye ubao wako. Kuna chuo Kinyasini, Unguja, cha Barefoot College, kinachofundisha wanawake wa vijijini kufunga na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua, na wengi wao hawakusoma skuli ya maana, wengine kusoma hawajui. Wanajifunza kwa rangi za vifaa, kwa kutazama na kurudia, nao ni mama watu wazima wenye wajukuu. Ukipata wa kukupeleka, nenda ukawaone wanavyofanya. Ile njia ya pili ya Bandura iko mwendo wa boti na daladala tu kutoka kwenu.

Mwalimu aliyecheka amekosea, na kazi yake siku ile ilikuwa kukuonyesha kome. Lakini unamhitaji. Mfuate baada ya kipindi, si mbele ya watu, umwambie: "Mwalimu, ile taa ya ngazi nimeshajua nilipokosea, nilibadilisha waya wa kome. Naomba kipindi kijacho nifunge mie, na ripoti aandike mwengine." Usiseme kilichokuuma. Mwalimu mwenye hayaa atajua mwenyewe. Asiye na hayaa hata ungemwambia asingejua.

Na yule kijana, muache. Siti binti Saad alipokuja mjini kutoka Fumba, mtu wa kuuza vyungu, waliomwonea kijicho walimwimbia juu ya kaniki zake na ushamba wake. Mwaka 1928 alivuka bahari mpaka Bombay kurekodi sahani za santuri. Watu wakimtaja husifia sauti, kana kwamba alishuka nayo tu. Muziki alifundishwa, mjini, naye ni mtu mzima. Na ukili, nikiwa hapo, si kazi ya mjinga. Kijana yule apewe mikindu aanze, tuone mkeka wake.

Imebaki karafuu. Hapa mama ana hoja kuliko unavyodhani. Pishi ni fedha ya leo, cheti ni fedha ya kesho, na nyumbani kunaliwa leo. Usimjibu kwa habari za watafiti wa Marekani. Mjibu kwa mambo matatu anayoweza kuyapima: unamaliza mwezi gani, siku zipi za wiki huna kipindi ili uende kuchuma naye, na fundi hulipwa kiasi gani kufunga nyumba moja ya vyumba vitatu huko kwenu, hilo ukawaulize mafundi wenyewe, usikisie. Mkumbushe Pemba ya zamani, ya umeme wa majenereta ya Wesha, maana aliiishi. Tokea 2010 umeme unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na watu wanajenga, na kila nyumba inayojengwa inataka mtu wa kupitisha waya. Tena kuna nyumba ambazo mume hayupo, na mwenye nyumba hapendi fundi mwanamume aingie mpaka chumbani. Kazi hiyo inakungoja wewe, si yule kijana. Kama huwezi kuyasema mwenyewe, mtume mama mdogo. Mambo mengi ya Pemba yanapita kwa mama mdogo.

Kwa fildi: tafuta viatu vya soli ya mpira vinavyofunika vidole, kandambili ubaki nazo nyumbani. Ngazi haipandwi na baibui pana. Vaa suruali ya kupwaya na koti la kazi linalofika magotini, na ushungi uuchomekee ndani ya koti usining'inie. Tesita ununue yako, usiazime, na kabla ya kuiamini kwenye waya unaodhani hauna umeme, ijaribu kwanza kwenye waya unaojua kwamba unao.